Simu Ilivyojifunza Kulala

Simu iliyolazwa kifudifudi mezani usiku huonekana imelala. Kioo kimezima, hakuna mlio, na mwenyewe yuko ndotoni. Lakini ndani yake zamu inaendelea: redio inasikiliza mnara, saa inahesabu dakika za kengele ya alfajiri, na programu kadhaa zinangoja nafasi ya kuuliza kama kuna ujumbe mpya. Asubuhi mwenye simu huyaona matokeo ya zamu hiyo katika tarakimu moja: asilimia ya chaji iliyobaki. Kama aliiacha na asilimia 80 akaikuta na 76, usiku ulikwenda vizuri. Akiikuta na 31, kuna kitu kimekesha.

Kwa zaidi ya miaka ishirini wahandisi wa mifumo endeshi wamekuwa wakibishana juu ya mkeshaji huyo. Nani ana haki ya kuiamsha simu? Nani ana mamlaka ya kuilaza? Haki hiyo imepita mikononi mwa programu zenyewe, kisha mwa mfumo, kisha mwa viwanda vya simu, na njiani humo mwenye simu mara nyingi hakuulizwa. Kisa hiki kinastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu kila hatua yake imeacha alama katika simu iliyo mfukoni leo.

Mnara na simu wakubaliana

Martin Cooper wa Motorola alipopiga simu ya mkononi barabarani jijini New York, tarehe 3 Aprili 1973, kifaa alichoshika kilikuwa na uzito wa takriban kilo moja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, kampuni yake iliingiza sokoni DynaTAC 8000X kwa dola 3,995. Ilichajiwa kwa saa kumi hivi ili mwenyewe apate nusu saa ya maongezi. Hapakuwa na mfumo endeshi wa kulaumu wala wa kusifu. Redio ikiwashwa ilikula chaji, ikizimwa iliacha.

Hatua kubwa ilikuja na mitandao ya GSM, iliyoanza kufanya kazi barani Ulaya mwaka 1991. Waliounda mfumo huo walitambua kwamba simu inayongoja kupigiwa haina haja ya kutega sikio muda wote. Mnara huzigawa simu katika makundi, na kila kundi hupewa zamu yake ya kuitwa. Simu hufungua sikio kwa kitambo kidogo, na ikiona haijaitwa inalala tena. Zamu hurudi kila baada ya kati ya nusu sekunde na sekunde mbili hivi, kulingana na mpangilio wa mtandao. Sikio lililofunguka kwa vipande hivyo ndilo lililoiwezesha Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye betri ya mAh 850 tu, kutangazwa kuwa inaweza kungoja hadi saa 400, yaani zaidi ya wiki mbili.

Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, na Afrika Mashariki iliipokea kwa mikono miwili. Simu za tochi zikapata majina yao: Kenya zikaitwa "mulika mwizi", Tanzania "vitochi". Zilipendwa kwa tochi, na zilipendwa zaidi kwa ukaaji wa chaji. Mahali pasipo na umeme, kuchaji kulimaanisha kupeleka simu sokoni, kwenye kibanda chenye sola au jenereta, kuilipia na kuiacha huko kwa saa kadhaa. Simu iliyokaa na chaji wiki nzima ilimpunguzia mtu safari na gharama. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vya sola nchini Kenya mwaka 2012, kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, waya wa kuchajia simu uliambatana na taa za nyumbani. Hawa waliokuwa wakiihesabu chaji kama watu wanavyohesabu maji ya kisima ndio ambao simu janja ingewakuta muda si mrefu.

Shule ya Psion

Wakati minara na simu zinapangiana zamu, watengenezaji wa kompyuta za mfukoni walikuwa wakijifunza somo jingine. Psion, kampuni iliyoanzishwa London na David Potter mwaka 1980, ilitengeneza vifaa vilivyotumia betri za kawaida za dukani. Psion Series 5 ya mwaka 1997 iliendeshwa na betri mbili za AA, kama zile za redio ndogo. Mfumo wake, EPOC, uliandikwa na watu waliojua kwamba kila uzembe wao utamfanya mteja arudi dukani kununua betri nyingine.

Kanuni yao ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuifuata. Programu isiyo na kazi isizunguke ikiuliza kila mara kama kuna jipya. Iuambie mfumo inangoja nini, kisha ilale; jambo hilo likitokea, mfumo utaiamsha. Programu zote zikiwa zimelala, prosesa nayo inasimamishwa. Mwaka 1998 Psion iliungana na Nokia na Ericsson kuanzisha Symbian, na EPOC ikawa msingi wa simu janja za muongo uliofuata.

Nidhamu hiyo ilikuwa na bei. Kuandika programu ya Symbian kulihitaji mazoea ambayo waandaaji wengi hawakuwa nayo, na lawama kwamba mfumo huo ni mgumu zilidumu hadi mwisho wake. Pia uliegemea imani kubwa: kwamba kila anayeandika programu ni muungwana. Alipokuja mmoja asiyejali, mfumo haukuwa na fimbo kubwa ya kumrudi.

Apple yaweka bawabu

Steve Jobs alipoionyesha iPhone tarehe 9 Januari 2007, simu hiyo haikupokea programu za watu wa nje kabisa. Duka la programu lilipofunguliwa Julai 2008, wageni walikaribishwa kwa sharti kali: mtumiaji akitoka kwenye programu, programu hiyo inafungwa. Muziki wa Apple uliendelea kucheza na barua pepe za Apple ziliendelea kuingia, lakini programu ya mgeni haikuruhusiwa kubaki chinichini hata kidogo.

Scott Forstall, aliyesimamia mfumo huo, aliitetea amri hiyo kwa hesabu ya chaji. Machi 2009 aliwaambia waandaaji kwamba kampuni yake iliijaribu programu ya kuchati inayobaki wazi chinichini katika simu za washindani, na muda wa simu kungoja ukashuka kwa asilimia 80 au zaidi. Dawa ya Apple ilikuwa arifa zinazosukumwa kutoka mbali. Simu hufungua mstari mmoja wa mawasiliano na seva za Apple, na ujumbe wa programu zote hupitia humo. Kwa njia hiyo, alisema, muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 23 tu. Badala ya wageni ishirini kugonga mlango kila mmoja kwa wakati wake, aliwekwa bawabu mmoja anayepokea salamu za wote. Huduma hiyo ilikuwa imeahidiwa kwa Septemba 2008. Ilifika Juni 2009.

Mwaka uliofuata, katika iOS 4, toleo jipya la mfumo wa iPhone, mlango ulifunguliwa kidogo. Programu za nje ziliruhusiwa kufanya kazi chinichini, lakini kwa shughuli zilizotajwa moja moja: kucheza sauti, kupokea simu za intaneti, kufuatilia mahali, kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa. Nje ya orodha hiyo, programu iligandishwa palepale ilipo. Katika nyumba ya Apple, mwenye neno juu ya usingizi alikuwa mfumo, na mfumo ulikuwa wa Apple.

Kufuli la kukesha

Google ilichagua njia ya wazi zaidi. HTC Dream, iliyouzwa Marekani kwa jina la T-Mobile G1 kuanzia Oktoba 2008, ilikuwa simu ya kwanza ya Android, na tangu siku ya kwanza programu zake ziliweza kufanya kazi chinichini. Betri yake ilikuwa ya mAh 1,150. Uhuru wa namna hiyo kwenye betri ya ukubwa huo ulihitaji breki, na breki hiyo ilizua mmoja wa migogoro mikubwa katika historia ya programu huria.

Chini ya Android kuna kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta ya mezani, iliyochomekwa ukutani. Kwa miaka mingi kiini hicho kilikuwa na mapigo ya saa: mara 100 hadi 1,000 kwa kila sekunde, prosesa iliamshwa kuangalia kama kuna kazi, hata pasipokuwa na kazi yoyote. Ni katika toleo 2.6.21 la Aprili 2007 ndipo mapigo hayo yalipoanza kunyamazishwa prosesa ikiwa haina shughuli. Mwaka mmoja na nusu tu baadaye, kiini hicho hicho kilitakiwa kiishi mfukoni.

Wahandisi wa Android waliigeuza mantiki yake. Kompyuta ya kawaida iko macho mpaka iambiwe ilale. Simu ya Android, waliamua, iwe imelala mpaka ipatikane sababu ya kukesha. Kioo kikizima, simu yote hulazwa, prosesa ikiwamo, hata kama kuna programu mbovu inayozunguka bure. Programu yenye kazi ya lazima, kama kupakua faili au kucheza muziki, sharti ishike kufuli la kukesha. Maadamu kufuli moja limeshikwa na yeyote, simu hailali. La mwisho likiachiwa, inalala papo hapo.

Mwanzoni mwa 2009 Arve Hjønnevåg, mhandisi wa Google, aliyawasilisha makufuli hayo kwa wasimamizi wa Linux ili yaingizwe katika kiini rasmi. Yalikataliwa, yakarekebishwa, yakabadilishwa jina kuwa vizuia usingizi, yakarudishwa, yakakataliwa tena. Mei 2010 mabishano yalifikia mamia ya barua.

Wapinzani, wakiwemo Alan Cox na Thomas Gleixner, walikuwa na hoja nzito. Kwao, simu inayokosa usingizi kwa sababu ya programu mbovu dawa yake ni kuitengeneza programu hiyo; kuilaza simu kwa nguvu ni kuuficha ugonjwa. Upande huo uliionyesha Nokia N900, iliyotoka Novemba 2009 ikiendeshwa na Linux. Prosesa yake ilizama katika usingizi mzito kila ilipopata mwanya, bila kufuli la aina yoyote. Upande wa Google ulijibu kwamba duka lake liko wazi kwa kila mtu duniani, na hakuna mhandisi awezaye kuzitengeneza programu za watu wote. Mteja hatajua ni programu gani iliyokosea. Atakachojua ni kwamba simu imezima kabla ya magharibi. Matthew Garrett, aliyekuwa na uzoefu mrefu wa kuzilaza kompyuta za Linux, aliwakumbusha wenzake kwamba hakuna aliyeleta njia nyingine inayotatua tatizo lilelile.

Wakati wakibishana, madhara yalikuwa yakijikusanya. Greg Kroah-Hartman aliiondoa sehemu ya Android katika toleo 2.6.33 la kiini, na Februari 2010 alieleza hadharani uzito wa hali hiyo. Viwanda vya vipuri viliandika programu za kuendesha kamera, redio na vioo vyao zikitegemea makufuli ya kukesha. Kwa kuwa makufuli hayamo katika Linux rasmi, kazi hiyo yote nayo isingeweza kuingia. Kufuli dogo la usingizi lilikuwa limeanza kupasua familia.

Aliyepata njia ya katikati alikuwa Rafael Wysocki, msimamizi wa masuala ya umeme katika Linux. Yeye alianza na tatizo ambalo pande zote mbili zilikiri lipo. Ujumbe ukiingia sekunde ileile simu inaposinzia, nani atauona? Simu inaweza kulala huku ujumbe umeganda mlangoni. Wysocki aliweka kihesabio. Kabla ya kulala, mfumo husoma idadi ya matukio ya kuamsha yaliyokwisha kutokea. Idadi ikibadilika wakati wa kusinzia, usingizi unavunjwa. Njia hiyo iliingia katika toleo 2.6.36 la Oktoba 2010. Machi 2012 vipande vya Android vilirudi katika toleo 3.3, na toleo 3.5 la Julai mwaka huo likaleta usingizi wa kujiendesha pamoja na namna ya kutumia makufuli kama yale ya Google. Hjønnevåg alikuwa amengoja zaidi ya miaka mitatu.

Wanaosahau kuachia

Kufuli lilikuwa na hatari yake: aliyelishika akisahau kuliachia, simu hukesha hadi ikate chaji. Mwaka 2012 Abhinav Pathak na Y. Charlie Hu wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, pamoja na wenzao, walilichunguza kosa hilo na kuonyesha jinsi lilivyojificha. Mwandishi hushika kufuli mwanzoni mwa kazi, akaandika kuliachia mwishoni, kisha kazi ikakatika katikati kwa hitilafu, na mstari wa kuachia usifikiwe kamwe. Programu inaonekana nzima. Betri ndiyo inayojua.

Utafiti wao mwingine wa mwaka huohuo ulizipima programu za bure, na kugundua kwamba asilimia 65 hadi 75 ya umeme ulitumiwa na vipande vya matangazo vilivyopachikwa ndani yake. Sehemu ya sababu ni tabia ya redio ya 3G. Baada ya kutuma hata kipande kidogo cha data, redio hiyo haizimi mara moja. Hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikitarajia kazi nyingine. Tangazo lenye uzito wa picha ndogo liliacha mkia mrefu wa matumizi. Programu iliyoitwa ya bure ililipiwa kwa chaji.

Afrika Mashariki iliingia katika enzi hiyo wakati uleule. Mwaka 2011 Safaricom iliuza nchini Kenya Huawei IDEOS, simu ya Android 2.2 yenye betri ya mAh 1,200, kwa takriban dola 80. Wengi waliiacha mulika mwizi ya kuchajiwa kwa wiki wakakabidhiwa simu ya kuchajiwa kila jioni. Simu za laini mbili, zinazopendwa sana ukanda huu, ziliongeza kazi: redio hutega sikio kwa mitandao miwili. Penye mtandao hafifu simu nayo hulazimika kupaza sauti ili mnara uisikie, na kupaza sauti ni kula chaji. Ikazaliwa desturi ya kuzima data kila baada ya kusoma ujumbe, kwa ajili ya bando na betri kwa pamoja.

Desturi nyingine ilienea duniani kote: kufagia programu zote zilizofunguliwa, moja baada ya nyingine, kwa imani kwamba kuzifunga kunaokoa chaji. Programu za kuua programu zikapata soko. Lakini iliyofungwa kwa nguvu mara nyingi hufufuka yenyewe, na kuianzisha upya toka mwanzo hugharimu zaidi ya kuiacha imeganda. Machi 2016 wakubwa wa pande zote mbili, Craig Federighi wa Apple na Hiroshi Lockheimer wa Google, walisema wazi kwamba ufagiaji huo hausaidii betri. Vidole vya watu vinaendelea kufagia.

Mfumo wachukua fimbo

Mwaka 2014 Google ilikiri kwamba kuwaamini waandaaji hakutoshi. Katika mradi uliopewa jina la Volta, wahandisi wake walipima wakaeleza kwamba kila sekunde moja simu inapoamshwa hupoteza takriban dakika mbili za muda wa kungoja. Android 5.0 ikaleta JobScheduler. Kwa chombo hicho programu haisemi tena "niamshe saa nane kamili". Inasema "kazi hii ifanyike leo, ikiwezekana simu ikiwa kwenye chaja na Wi-Fi". Mfumo hukusanya maombi ya programu nyingi na kuyatimiza kwa mkupuo, kama mama anayesubiri orodha ijae ndipo amtume mtoto dukani mara moja.

Android 6.0 ya Oktoba 2015 ilikwenda mbali zaidi kwa Doze. Simu ikiwa haichajiwi, kioo kimezima na haijasogezwa kwa muda, mfumo hukata intaneti kwa programu, huahirisha kengele zao, na huyapuuza makufuli ya kukesha yaliyoshikwa. Kila baada ya muda hufungua dirisha fupi ili programu zote zifanye kazi zao kwa pamoja, na usiku unavyokwenda madirisha hayo hupishana kwa masafa marefu zaidi. Google ilionyesha vishikwambi viwili vya Nexus 9 vilivyoachwa vimezima vioo. Chenye mfumo mpya kilikaa hadi mara mbili ya chenye mfumo wa zamani. Kufuli lililopiganiwa miaka mitatu sasa lilikuwa linaweza kupuuzwa na mfumo uleule uliolizaa.

Masharti yaliendelea kukazwa. Android 8 ya mwaka 2017 ilizuia huduma za chinichini zisizoonekana na mtumiaji. Android 9 ya mwaka 2018, ikitumia akili mnemba iliyoandaliwa kwa ushirikiano na DeepMind, ilianza kuziweka programu katika madaraja kulingana na jinsi mtu anavyozitumia: zinazotumika sasa, za kila siku, za mara kwa mara, za nadra. Programu isiyofunguliwa kwa wiki kadhaa hupewa nafasi chache za kuamka. Simu ikawa inakadiria mwenyewe atahitaji nini, na kugawa chaji kwa makadirio hayo.

Kimya cha Apple, na kimya cha viwanda

Mamlaka hayo yalikuja kujulikana kwa ubaya mwaka 2017. Betri za lithiamu huchakaa, na kadiri zinavyochakaa ukinzani wa ndani unaongezeka. Prosesa ikidai umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka na simu huzima hata kama kioo kinaonyesha asilimia 30. Wenye iPhone 6 na 6s walikutana na hali hiyo. Januari 2017, katika iOS 10.2.1, Apple iliweka utaratibu wa kupunguza kasi ya prosesa betri ikiwa imechoka. Kuzimika kulipungua. Lakini wenye simu hawakuelezwa waziwazi kwamba simu zao zimepunguzwa mwendo.

Desemba 18 mwaka huo John Poole, aliyeandaa kipimo cha kasi cha Geekbench, alichapisha michoro iliyoonyesha simu za aina moja zikiwa na kasi tofauti kulingana na toleo la mfumo. Siku mbili baadaye Apple ilikiri, na tarehe 28 ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Machi 2018 iOS 11.3 iliwaonyesha watu afya ya betri zao na kuwapa uwezo wa kuuzima utaratibu huo. Februari 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Kihandisi, uamuzi wa kupunguza kasi ulikuwa na mantiki yake. Kosa lilikuwa kumficha mwenye mali.

Samsung ilikuwa imeyatumia mamlaka kama hayo mwaka mmoja kabla, lakini mchana kweupe. Galaxy Note 7 zilipokuwa zikiwaka moto, na milioni 2.5 kati yake zikatakiwa kurudishwa, Septemba 2016 kampuni hiyo ilituma Korea Kusini sasisho lililozuia betri kujaa zaidi ya asilimia 60. Desemba simu zilizobaki mikononi mwa Wamarekani zilitumiwa sasisho lililozizuia kuchaji kabisa.

Upande wa Android, viwanda vingi viliongeza sheria zao juu ya zile za Google. Kila kimoja kilitaka tangazo la kwamba simu yake inakaa na chaji zaidi, na njia ya mkato ilikuwa kuziua programu za chinichini bila huruma. Waandaaji wakaanza kupokea malalamiko yasiyo yao: kengele isiyolia, hatua za matembezi zisizohesabiwa, ujumbe unaoingia saa tatu baada ya kutumwa. Programu ileile ilifanya kazi katika simu moja na kufa katika nyingine.

Julai 2020 gharama ya mchezo huo ilionekana Ujerumani. Nchi hiyo ilikuwa imezindua Corona-Warn-App mwezi Juni, programu ya kumwonya mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa wa korona. Ilitegemea kuamka chinichini kila siku na kulinganisha alama zake na orodha ya walioambukizwa. Ikagundulika kwamba katika simu kadhaa za Android, zikiwemo za Samsung na Huawei, kiokoa chaji kiliizuia kuamka, na ukaguzi ulikuwa haufanyiki mpaka mtu aifungue mwenyewe. Wapo waliobeba programu hiyo kwa majuma wakiamini inawalinda, nayo imelazwa.

Walioitengeneza waliongeza swichi ndani yake ya kuomba kipaumbele cha kazi za chinichini. Mtu akiigusa, mfumo humfungulia kisanduku kidogo cha maneno. Ni kisanduku kilekile kinachowatokea leo wenye simu wa Dar es Salaam, Mombasa na Goma wanapoweka programu ya kengele, ya afya au ya kufuatilia gari la mzigo, nacho kinauliza kama programu hiyo iruhusiwe kuendelea kufanya kazi chinichini bila vizuizi vya betri. Chini ya swali kuna majibu mawili, kuruhusu au kukataa, na safari hii anayeulizwa ni mwenye simu.